Bustani ya uwani kwenye mchanga wa Dar: anza na mchicha, pilipili zitafuata

Jamani huu mwongozo ni kwa ajili yetu tunaokaa Chamazi, Mbagala, Kigamboni, Bunju na kwingine kote ambako ukichimba uwani unakutana na mchanga tu, mchanga juu mchanga chini. Mi nalima uwani mwaka wa sita sasa, nyumba ni ya kupanga, na eneo lenyewe ni kama hatua nane kwa tano ukitoa pale pa kuanikia nguo, na hapo hapo napata mchicha, matembele, sukuma, bamia, mrehani, mnanaa, mchaichai na pilipili mbuzi ambazo zikizidi nagawia majirani. Nimeamua niandike kwa mpangilio kwasababu kila mwaka naona watu wale wale wanaanza na hoho na nyanya mwezi wa kwanza, jua la kiangazi linawaka, miche inakufa yote, afu mtu anasema mkono wake mbaya haoteshi kitu. Si kweli. Mtu kapanda mmea mgumu kwenye mchanga mtupu kwenye mwezi mbaya, hata bibi shamba angepanda hivyo vingekufa.

Kwaiyo mpangilio wangu uko hivi: udongo kwanza, afu mboga za majani, afu viungo, pilipili na hoho zije mwisho ukishazoea kumwagilia kila siku. Usiruke.

Hatua ya 1: kaa siku mbili uangalie jua

Kabla hujashika jembe angalia uwa wako saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, jua linapiga wapi na kivuli kinakaa wapi. Pilipili, hoho, nyanya, bamia na bilinganya zinataka jua masaa sita na kuendelea. Mboga za majani zinavumilia hata masaa manne. Giligilani na mnanaa huku kwetu pwani zinafurahi zaidi zikipata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, chini ya mpapai kwa mfano, au upande wa mashariki wa nyumba. Ukuta unaopigwa na jua la jioni uogope, ule unahifadhi joto mpaka usiku na ndoo ya plastiki ikikaa hapo mizizi inachemka. Na angalia maji ya bati yanadondokea wapi mvua ikinyesha, maana masika ikija yatakung'olea kila kitu.

Kama una kuku au jirani ana kuku basi fensi ni kabla ya mbegu, usijidanganye. Fito na shedi neti (wavu wa kuwekea kivuli) zinatosha, au hata matawi ya miba. Chandarua cha kulalia kiacheni kitandani kifanye kazi yake.

Hatua ya 2: tengeneza udongo, hapa ndo penye kazi

Mchanga wa Dar una shida mbili. Maji yanapita moja kwa moja hayakai, na yakipita yanaondoka na mbolea yote. Ndo maana mtu anaweka mbolea ya dukani leo, kesho anamwagilia maji mengi, keshokutwa hakuna kitu. Dawa yake ni vitu vilivyooza, yani samadi na mboji, kwa wingi, na kila msimu unaongeza maana kwenye joto letu vinaisha haraka.

Samadi ya ng'ombe ndo rahisi kutumia, waulize wafugaji wa mtaani kwako wengi wanatoa kwa bei poa au bure ukibeba mwenyewe. Ya kuku ina nguvu sana lakini ikiwa mbichi inaunguza, iache kwenye kiroba irowe na kuoza miezi miwili mitatu mpaka harufu ile kali iishe na ukiishika haina joto ndani. Samadi mbichi usiweke kabisa kwenye tuta lenye mboga inayokaribia kuchumwa, ina vijidudu vya tumbo na wewe unakula majani.

Mboji tengeneza mwenyewe: maganda ya ndizi, ya viazi, majani makavu, majani ya chai yaliyotumika, magugu ambayo hayajatoa mbegu, unapanga tabaka la mabichi na tabaka la makavu, unarowesha, unageuza kila baada ya wiki mbili, ikipita miezi mitatu hivi inakuwa nyeusi inanukia kama udongo wa msituni. Machicha ya nazi yaweke katikati ya lundo usiyamwage juu ya tuta, yanaita sisimizi na panya. Mabaki ya samaki na nyama usiweke, paka wa mtaa mzima watakuja kufukua.

Afu kuna kitu sisi wa pwani tunakitupa kila siku na kinatufaa kuliko vyote, makumbi ya nazi. Loweka makumbi siku tatu nne ukibadilisha maji (yana chumvi), yapondeponde, afu yatandaze chini ya tuta au chini ya ndoo kimo cha vidole vinne. Yanashika maji kama sponji. Mi kabla sijajua hili nilikuwa namwagilia mara mbili kwa siku na bado mchicha ulikuwa unanyong'onyea mchana, tangu niweke makumbi kiangazi namwagilia mara moja asubuhi na jioni nagusia tu.

Kutengeneza tuta sasa. Vitabu vingi vinasema inua tuta, na hiyo ni sawa kwenye udongo wa mfinyanzi, lakini kwenye mchanga tuta la kuinuka linakauka haraka mno. Wakati wa kiangazi mi nafanya kinyume, nachimba tuta la kuzama, upana mita moja ili nifike katikati bila kukanyaga, kina kama sentimita 40, natandaza makumbi chini, afu majani ya mgomba makavu, afu narudisha ule mchanga nikiwa nimeuchanganya na samadi na mboji, karai mbili za mchanga kwa karai moja ya samadi na karai moja ya mboji, na naacha tuta liwe chini ya usawa wa ardhi kama vidole vinne ili maji yatulie humo. Masika ikikaribia naongezea udongo liinuke, maana mvua ya mwezi wa nne ikituama kwenye tuta mizizi inaoza. Mwagilia hilo tuta tupu wiki mbili kabla ya kupanda, magugu yataota, yang'oe, ndo upande.

Jaribu udongo kwa mkono: chukua konzi, uloweshe kidogo, kunja ngumi. Ukifungua ukamwagika wote bado mchanga umezidi ongeza mboji. Ukibaki bonge ambalo ukiligusa kwa kidole linavunjika, hapo safi.

Wasio na ardhi kabisa tumieni viroba, ndoo zilizopasuka, madumu ya lita 20 yaliyokatwa. Toboa matundu chini na mengine ubavuni kidogo juu ya kitako. Makopo ya rangi na madumu ya dawa za wadudu msitumie kwa chakula, hata yakioshwa. Kiroba cha kilo 50 kinaweza kubeba sukuma au spinachi nyingi sana ukifanya hivi: chukua kopo kubwa lililokatwa juu na chini, lisimamishe katikati ya kiroba, jaza kokoto ndani ya kopo na udongo pembeni, vuta kopo juu kidogo, jaza tena, mpaka mwisho, unabaki na nguzo ya kokoto katikati ambayo maji yanashukia na kufika mpaka chini. Afu toboa ubavuni matundu kwa kupishana upandikize miche.

Hatua ya 3: mboga za majani

Anza na mchicha na matembele, usiulize kwanini we anza. Mchicha wiki tatu mpaka nne unakula, na hakuna kitu kinachompa mtu moyo kama kuchuma mboga yake mwezi ule ule aliopanda.

Mbegu za mchicha ni ndogo sana, ukimwaga hivi hivi zinaangukia sehemu moja zinabanana. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko kumi vya mchanga mkavu, chora mistari ya kina cha kucha, umbali wa kiganja kati ya mstari na mstari, mwaga huo mchanganyiko humo, fukia kidogo sana afu tandaza nyasi kavu juu. Siku ya tatu mpaka ya tano zimetoka, hapo hapo ondoa nyasi la sivyo miche inarefuka na kupauka. Ikifika wiki mbili punguza, ile unayong'oa ni mboga tayari. Baada ya hapo kuna njia mbili, ung'oe yote au ukate juu ukiacha shina la vidole vinne vitano lichipue tena, mi nakata, napata michumo mitatu minne kabla haujaanza kutoa maua. Panda mstari mpya kila wiki mbili usipande wote siku moja, kwani unataka kula kila siku sio kula gunia zima siku moja.

Matembele hayahitaji mbegu. Omba marando kwa mtu mwenye matembele mazuri, kata vipande vya urefu wa kiganja na nusu kwenda viwili, toa majani ya chini, fukia theluthi mbili ya kipande kwa kulaza laza, mwagilia. Ndani ya wiki sita unachuma vichwa vyake na kadri unavyochuma ndo yanavyotambaa. Kama unaweza yaanzishe wakati wa mvua.

Sukuma, chainizi na figiri hizi unaanzia kitaluni afu unapandikiza zikiwa na majani manne, ingawa figiri mi namwaga moja kwa moja. Chuma majani ya chini acha matano sita ya juu. Spinachi nayo hivyo hivyo. Kisamvu usikipe nafasi ya tuta, chomeka miti miwili mitatu ya muhogo kwenye fensi inatosha. Bamia loweka mbegu usiku kucha, panda moja kwa moja shimo moja mbegu mbili, joto letu inalipenda, siku 50 hadi 60 unaanza kuchuma na ukianza chuma kila baada ya siku mbili, ukichelewa inakuwa ngumu kama mti.

Hatua ya 4: viungo

Hapa wengi wanakosea kwenye giligilani. Ile punje unayoiona ni mbegu mbili ndani ya ganda moja, kwaiyo imwage kwenye meza, ipitie na chupa kwa kuibonyeza kidogo mpaka zigawanyike, loweka masaa machache, afu panda pale pale itakapokulia, haipendi kuhamishwa maana mzizi wake unashuka moja kwa moja. Inachukua wiki moja mpaka mbili kuota, usikate tamaa siku ya sita. Na wakati wa joto inakimbilia kutoa maua kabla hujaila, kwaiyo mi napanda kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane na sehemu yenye kivuli, miezi mingine nanunua sokoni. Ikitoa maua iache upate mbegu za kutia kwenye pilau.

Mnanaa nunua fungu sokoni, chagua vishina vinene, weka kwenye glasi ya maji dirishani, wiki moja mbili mizizi hii hapa. Panda kwenye chombo chake peke yake, ukiupanda tutani unatambaa chini kwa chini na kufunika wenzake wote. Mchaichai nao unachukua shina lenye kitako chake unalisimamisha kwenye maji, au umegee kwenye shina la jirani, ukishika ni wa miaka. Mrehani kila ukiona unataka kutoa maua kata vichwa, unaongeza matawi na majani yanabaki laini, ila acha mmoja utoe maua kwa ajili ya nyuki maana bamia na pilipili zako zitafaidika. Kivumbasha panda karibu na dirisha la kulala, bibi zetu walikitumia kufukuzia mbu.

Vitunguu majani ukinunua usitupe mizizi, kata ukiacha vidole viwili juu ya mzizi, chomeka. Tangawizi chagua yenye macho yaliyovimba, fukia kina cha vidole viwili kwenye kiroba chenye kivuli, afu isahau, miezi nane mpaka kumi. Rozimeri inakufa kwa maji mengi sio kwa ukame, iweke kwenye chungu chenye mchanga mwingi usiishughulikie sana. Kitunguu swaumu kwa joto la Dar hakitengenezi kichwa cha maana, kula majani yake.

Hatua ya 5: pilipili na hoho

Sasa tumefika kwenye zile ninazozipenda. Kwanza jua tofauti. Pilipili kichaa, zile ndogo zinazosimama zikiangalia juu, ndo ngumu kufa kuliko zote, ndege wanakula hawasikii ukali na wanasambaza mbegu ndo maana unaikuta imeota yenyewe chini ya mti. Pilipili mbuzi ile ya mviringo yenye harufu nzuri inataka matunzo ya wastani na inazaa muda mrefu, mwaka na zaidi ukiilisha. Pilipili hoho ndo mtihani, kwasababu ni mmea wa hali ya ubaridi kidogo, ndo maana zinazojaa sokoni nyingi zinatoka huko Lushoto, Iringa na Arusha. Joto likipita nyuzi 32 hivi hoho inaanza kuangusha maua. Unaweza kuwa na mche mzuri unang'aa majani mwezi wa pili na hupati hata tunda moja, hapo mbolea haina kosa lolote ni joto tu.

Kwaiyo mahesabu yangu ni haya. Kitalu naanzisha katikati ya mwezi wa nne, miche inakaa kitaluni wiki sita, mwisho wa mwezi wa tano masika inaelekea kuisha napandikiza, maua yanatoka mwezi wa sita na wa saba kwenye kipupwe, usiku kuna kaubaridi, na nakula hoho mwezi wa nane na wa tisa. Mwaka wa kwanza sikujua hili nilipanda Desemba, nikapoteza miche yote ishirini na kitu, iliniuma kweli. Pilipili mbuzi na kichaa hazina ubaguzi huo ila nazo zikianza kipindi hiki zinakuwa na afya zaidi.

Kitalu fanya kwenye trei, sufuria kuukuu au boksi la mbao, udongo mwepesi, mboji iliyochekechwa nusu na mchanga nusu. Kabla ya kupanda mwagia maji yanayochemka huo udongo uache upoe, inasaidia kuua kile kinyausi kinachoangusha miche ikiwa midogo kama imekatwa na uzi pale chini. Panda kina cha nusu ya pingili ya mwisho ya kidole, nafasi ya vidole viwili, jengea kijumba cha makuti au shedi neti juu. Siku saba mpaka kumi na nne zinaota, pilipili mbuzi wakati mwingine hata wiki tatu. Mwagilia asubuhi tu, udongo uwe na unyevu usiwe tope, kinyausi kinapenda tope na kubanana. Wiki ya mwisho ondoa kivuli kidogo kidogo izoee jua.

Kupandikiza ni jioni, jua limepoa, na kitalu umekimwagilia vizuri asubuhi ile ili miche itoke na bonge lake la udongo. Nafasi kati ya mche na mche sentimita 45 mpaka 60. Kwenye chombo, mche mmoja ndoo ya lita 10 na kama unayo ya lita 20 pilipili mbuzi itakushukuru. Weka kila shimo konzi mbili za samadi iliyooza changanya na udongo. Kata kikopo cha plastiki kiwe kama bangili, kizungushie shina kikizama kidogo ardhini, hiyo ni kwa ajili ya sota anayekata miche usiku. Chomeka kijiti pembeni ya hoho mapema kabla mizizi haijajaa.

Ua la kwanza kabisa linalotoka pale shina linapogawanyika litoe. Najua inauma, ila mche ukiwa bado mdogo ukibeba tunda unadumaa. Kila wiki mbili wape chai ya samadi: kiroba kidogo cha samadi kwenye pipa la maji, funika, wiki mbili, afu chota uchanganye na maji mpaka rangi iwe kama chai ya rangi nyepesi, mimina chini kwenye mizizi, sio kwenye majani. Usizidishe yurea, mche utakuwa na majani mabichi kama msitu na maua hakuna.

Miezi miwili na nusu mpaka mitatu baada ya kupandikiza unachuma. Tumia mkasi, matawi ya hoho yanavunjika kirahisi. Ukichuma zikiwa kijani mti unazaa zaidi, ukisubiri ziwe nyekundu zinakuwa tamu zaidi lakini unapata chache. Na wale wanaosema hoho ikipandwa karibu na pilipili kali inakuwa kali, tunda la mwaka huu halibadiliki hata kidogo, kinachoweza kubadilika ni mbegu zilizomo ndani yake kwasababu nyuki amebeba poleni, kwaiyo ukipanda hizo mbegu msimu ujao ndo unaweza kushangaa.

Maji

Mwagilia asubuhi na mapema, au jioni kabla giza halijaingia, na mimina chini kwenye shina. Bora umwagilie mengi mara moja yashuke chini kuliko kunyunyiza kidogo kidogo mara tano, mizizi inabaki juu juu. Ingiza kidole, kama vidole viwili chini kuna unyevu acha. Tandaza matandazo, nyasi kavu au maganda ya mpunga, usiguse shina. Nyanya ikioza kitako na hoho ikioza kitako mara nyingi ni kwasababu leo umemwagilia kesho umesahau siku tatu, mmea unashindwa kupandisha kalsiamu.

Shida kubwa huku kwetu ni visima vya chumvi. Ukiona unga mweupe unaganda juu ya udongo au ncha za majani zinaungua hudhurungi, ni chumvi hiyo. Spinachi na mchicha vinavumilia, maharage, vitunguu na giligilani hapana. Tenga maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya kitalu na pilipili, na kila baada ya wiki mbili tatu mimina maji mazuri mengi kwa mpigo mpaka yatoke chini ya ndoo yaishushe ile chumvi. Maji ya kuoshea mchele na mboga mwaga bustanini, ya sabuni ya unga na jiki peleka kwingine.

Wadudu na magonjwa

Kila asubuhi ukiwa unamwagilia geuza majani uangalie chini yake. Hilo tu ndo siri yangu, dakika tano. Ukiona sisimizi wanapanda kwenye pilipili yako kwa mistari jua kuna vidukari, sisimizi wanawalinda kwasababu wanalamba utamu wao. Wachache waponde kwa vidole, wakiwa wengi wapige na maji ya nguvu, wakirudi ndo mwarobaini.

Mwarobaini mi nafanya hivi: kilo moja ya majani mabichi natwanga kwenye kinu, naloweka kwenye lita tano za maji usiku kucha, nachuja na kitambaa, naongeza kijiko kimoja cha sabuni ya maji ili ishike kwenye majani, napuliza jioni maana jua linaiua nguvu, chini ya majani ndo pa kusisitiza. Narudia kila baada ya siku tano mpaka saba. Haiui papo hapo kama dawa ya dukani, inawafanya waache kula na wasikue, kwaiyo vumilia. Dawa za dukani kwenye mchicha na mboga za majani sipulizi kabisa, mboga unaichuma kila siku na dawa inataka kusubiriwa siku zilizoandikwa kwenye kibandiko. Watoto wangu wanachuma na kutafuna mrehani wakicheza, siwezi.

Utitiri unaletwa na ukavu, majani yanakuwa na vidoti vya njano na utando mwembamba, nyunyizia maji chini ya majani. Inzi weupe weka kipande cha plastiki ya njano umepaka mafuta ya kupikia, wanakuja kunasa. Konokono wa masika nenda na tochi saa mbili usiku uwaokote. Nyanya zikipigwa na kantangaze, yule kiwavi anayechimba ndani ya jani, kata majani yote yenye vijinjia uyafunge kwenye mfuko mweusi uuweke juani, usiyaweke kwenye mboji.

Pilipili ambayo majani yamejikunja, yana mabaka ya njano na kijani, na mmea umedumaa, hiyo ni virusi na haina dawa. Ng'oa. Nilikuwa nahurumia mmoja kila mwaka na kila mwaka unaambukiza wenzake. Mche ukinyauka ghafla mchana ukiwa bado kijani na udongo una maji, kata shina lichomeke kwenye glasi ya maji safi, ukiona uzi wa maziwa maziwa unashuka ni mnyauko bakteria, ng'oa na udongo wake, na sehemu hiyo usirudishe nyanya, hoho, pilipili, bilinganya wala nyanya chungu, hao wote ni ukoo mmoja. Weka mchicha au bamia hata misimu mitatu.

Kuchuma na kutunza mbegu

Mboga chuma asubuhi zikiwa na umande zinakaa muda mrefu. Pilipili mbuzi ukikata nyingi paka mafuta mikononi kwanza, ukimaliza osha na sabuni, ukali unashikamana na mafuta maji matupu hayautoi. Ukali wenyewe umekaa kwenye ile nyama nyeupe inayoshika mbegu, itoe hiyo ukitaka harufu bila moto. Pilipili kichaa anika kwenye ungo kivulini penye upepo, siku kumi hivi mpaka zikitikiswa zinalia.

Mbegu chukua kwenye mti ulio na afya kuliko yote, tunda lililoiva kabisa limekuwa jekundu, toa mbegu, anika kwenye sahani ya udongo sio juani, wiki moja na nusu, mpaka ukikunja zinavunjika badala ya kupinda. Weka kwenye chupa kavu na punje chache za mchele zinyonye unyevu, andika jina na mwezi, sehemu ya ubaridi na giza. Hii inafanya kazi kwa mbegu za kawaida kama hoho aina ya California Wonder na pilipili zetu za asili, zile chotara zilizoandikwa F1 watoto wake hawafanani na mama. Ukinunua dukani angalia tarehe na nembo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu) kwenye pakiti, na kabla hujajaza kitalu kizima chukua mbegu kumi zifunge kwenye tishu yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, weka juu ya friji, baada ya wiki mbili hesabu. Zikiota saba na kuendelea panda kama kawaida, zikiota nne mpaka sita mwaga mara mbili yake, zikiota chini ya hapo rudi dukani kabla mwezi wa nne haujaisha.